Jamboni ya televisheni haijaiba bukari yetu

Tangu Septemba 2025, Canal+ ya Ufaransa ilipoimeza MultiChoice ya Afrika Kusini, wenye dishi hapa Lubumbashi wana lalamiko moja. Kampuni ileile sasa imeshika Canal+ na DStv ya MultiChoice, wanasema, kwa hiyo toka mtaa wa Golf mpaka Ruashi tutamwagiwa wapishi wa Paris asubuhi na jioni, na watoto watakua wakililia jamboni, nyama ya nguruwe ya chumvi, huku bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo zikilala kwenye sufuria. Lalamiko hili nalielewa. Kwa hesabu yake yenyewe kundi hilo jipya lina wateja zaidi ya milioni 40 katika nchi karibu 70, na mwenye wateja wengi kiasi hicho ndiye anayeamua macho ya watu yaangalie nini. Hata hivyo, wanaolalamika wamemkamata asiye mwizi.

Vipindi vya mapishi havijawahi kuwafundisha watu wengi chakula cha kila siku. Kazi yao kubwa ni kutamanisha. Na vyakula vya jamboni tunavyovitamani humo ndani, ukivichunguza, vingi vilibuniwa na watu waliokuwa wakibana matumizi. Jamboni inawekwa pale kwa kazi maalumu, kazi ambayo wamama wa Katuba na Kenya, mitaa ya hapa mjini, wanaifanya kila siku kwa samaki wa chumvi, vitoyo na makayabu. Hasara yetu iko hapo: tunakimbilia dukani kununua kiungo, ufundi tunauacha kwenye skrini.

Tuanze na jamboni yenyewe. Ni paja la nyuma la nguruwe lililotiwa chumvi, na asili yake ni hofu ya njaa. Mkulima wa Ulaya alichinja nguruwe baridi ilipoanza, malisho yakiwa yamekwisha, na nyama ile ilipaswa kumvusha hadi majira ya joto. Frigo hakuwa nayo. Alikuwa na chumvi, upepo, na sehemu nyingine moshi. Jamboni ya Parma mpaka leo ni nguruwe, chumvi na subira tu, ikining'inia mwaka mzima na zaidi. Ya Bayonne kule Ufaransa na ya Ardennes kwa Wabelgiji zimetokana na busara hiyohiyo. Ile ya waridi, laini, inayouzwa vipande vyembamba ndani ya plastiki, ni ndugu yao wa kiwandani: hudungwa maji ya chumvi yenye naitriti, kisha hupikwa. Naitriti ndiyo inayoipa rangi ile. Bila hiyo, nguruwe wa kuchemshwa ni wa kijivu. Kamera inapenda waridi na inachukia kijivu, na mimi nashuku kwamba jamboni inaonekana sana kwenye vipindi hivyo kwa sababu ya rangi kuliko kwa sababu ya utamu.

Hapa kwetu haikuingia kwa dishi. Wabelgiji waliuanzisha mji huu mwaka 1910, wakauita Élisabethville, na reli kutoka kusini ikafika mwaka huohuo. Kwa reli ile vilikuja vyuma vya Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, na vilikuja pia vyakula vya makopo vya Wazungu waliokuja kusimamia shaba. Mfanyakazi mweusi alipewa posho, na ndani ya posho unga wa mahindi ulikuwa ndio bwana. Jamboni ilikaa upande mwingine wa mji, kwenye nyumba zenye bustani. Kampuni ya serikali, ambayo baadaye iliitwa Gécamines, ilipochukua nafasi ya Union Minière mwaka 1967, rangi za waliokaa mezani zilibadilika, meza haikubadilika sana: kulikuwa na chakula cha wakubwa na kulikuwa na unga. Kwa hiyo anayesema televisheni ndiyo iliyowafundisha watoto kuiheshimu jamboni anasahau kwamba babu zao waliiheshimu kabla mtaa wao haujaona skrini hata moja. Televisheni ilikuta tamaa imeshapikwa, ikaipasha moto.

Na kupasha moto tamaa ndiyo kazi yake tangu mwanzo. Ufaransa walimweka mpishi Raymond Oliver hewani mwaka 1954. Wamarekani wakampata Julia Child, aliyeanza Februari 1963 kutoka Boston, akiwafundisha upishi wa Kifaransa watu ambao wengi wao jioni hiyo walikula chakula cha kopo. Lakini mtu anayefaa zaidi kwa hoja yangu ni Mjerumani Clemens Wilmenrod. Alianza kupika kwenye televisheni mwaka 1953, na hakuwa mpishi, alikuwa mwigizaji. Mwaka 1955 alikitangaza chakula ambacho Wajerumani wanakijua hadi leo kwa jina la Toast Hawaii: kipande cha mkate, juu yake jamboni, juu yake duara la nanasi la kopo, juu yake jibini, kinawekwa ndani ya oveni mpaka jibini iyeyuke. Basi. Mtoto wa darasa la tano anaweza kukipika. Vita vilikuwa vimekwisha miaka kumi tu nyuma, watu walikuwa wanakumbuka njaa, na mwigizaji huyu akawapa nchi za mbali kwa bei ya kopo moja. Nanasi, tunda ambalo kwetu linapangwa chini kando ya barabara, kwao ndilo lililokuwa ndoto. Jamboni ilikuwa kitu cha kawaida tu cha kulishikilia. Tunapokaa mbele ya skrini tukiitamani jamboni ya Mzungu, tukumbuke kwamba kipindi maarufu kabisa cha jamboni kiliwafanya Wazungu watamani nanasi la watu wa mbali. Wilmenrod alishutumiwa pia kwa kutangaza bidhaa kichinichini, na hilo nitalirudia.

Sasa viangalie vyakula vyenyewe. Croque-monsieur ni mkate, jibini na kipande chembamba cha jamboni, vimechomwa pamoja. Chakula ambacho Wabelgiji wanaona ni cha nyumbani kabisa ni shikoni, mboga nyeupe yenye uchungu, inayoviringishwa ndani ya jamboni, ikamwagiwa mchuzi mweupe wa maziwa, siagi na unga, ikapakwa jibini na kuingizwa ovenini. Waholanzi wana supu nzito ya njegere inayotiwa nguruwe. Kusini-magharibi mwa Ufaransa wana garbure, supu ya kabichi na maharagwe ambayo mara nyingi huchemshwa na mfupa wa jamboni ambao nyama yake imeshaliwa. Ukiweka vyakula hivi vyote mezani utaona kitu kimoja: nyama ni kidogo sana. Wanga ni mwingi, mboga ni nyingi, na jamboni imeingia kutoa chumvi, mafuta na harufu ili vile vingi vilike. Mfupa mmoja unatosha sufuria nzima. Kama angekuwa na nyama ya kutosha, mkulima yule wa garbure asingehangaika na mfupa.

Hii ndiyo sombe yenye kitoyo, na sioni haja ya kuzunguka. Majani ya muhogo yametwangwa, yamechemka saa nyingi, hayana chumvi wala harufu ya kumvuta mtu. Unadondosha vipande vya kitoyo na mafuta ya mawese, na bukari ya watu wanane inashuka. Makayabu yanafanya kazi hiyo ndani ya nyanya na vitunguu. Samaki wa moshi wanaopanda kutoka Kasenga wanafanya kazi hiyo ndani ya mboga ya lengalenga. Mama mmoja wa Katuba, jirani ya dada yangu, alinielezea jinsi alivyoelewa kipindi cha shikoni kuliko wachambuzi wote: "Papa, ile ya kwenye tele niliifanya na kabichi, ndani nikatia kitoyo nilichokilowesha. Watoto walifuta sahani." Hakununua jamboni. Alitazama jamboni inafanya nini, akatafuta ndani ya nyumba yake nani anaweza kuifanya. Kipindi kilichomfundisha kilitengenezwa Ulaya, na sidhani kama kimemnyang'anya kitu.

Wanaopinga wana hoja zao, na hazina uzito sawa. Iliyo nyepesi kuliko zote ndiyo inayopigiwa kelele zaidi: kwamba vipindi hivi vinaua chakula cha asili. Chakula kipi? Mahindi ya bukari yalitoka Amerika, na yaliyoyafanya kuwa mfalme wa Katanga ni pamoja na posho ya kampuni ya migodi. Muhogo, mama wa sombe, ulitoka Amerika pia, ukaingia kwa merikebu za Wareno. Karanga vilevile. Pilipili vilevile, na nyanya, ambayo sijui mchuzi wetu ungekuwaje bila hiyo. Hata makayabu ni samaki wa chumvi ambaye desturi yake tuliletewa na Wareno. Wazee wetu waliyapokea haya yote bila kuacha kuwa wazee wetu, kwa sababu walikipokea kitu na kukipa kazi wanayotaka wao. Malawi waliipeleka nsima yao, ndugu wa damu wa bukari, hadi UNESCO ikaiandikisha mwaka 2017 kama urithi wa utamaduni; hakuna aliyewauliza mbegu ya mahindi ilitoka wapi. Mwenye kudai usafi wa chungu chetu aanze kwa kukimwaga chote.

Hoja ya bei na utegemezi ni nyingine kabisa, na hapo nakaa upande wa walalamikaji. Sehemu kubwa ya jamboni na soseji za kwenye frigo za maduka ya katikati ya mji inakuja kwa lori kutoka Afrika Kusini, inavuka Zimbabwe au Botswana, inavuka Zambia, kisha inasubiri zamu yake mpakani Kasumbalesa pamoja na malori ya salfa na mashine. Ikishafika, inategemea umeme wa shirika la Snel, na kila mtu anayesoma hapa anajua umeme huo unavyokuja na kuondoka. Jamboni ya Parma ingevumilia. Ile ya waridi haivumilii, maana imepikwa tayari na watu huila bila kuipitisha tena motoni. Mwaka 2017 na 2018 Afrika Kusini ilipata mlipuko mkubwa wa listeria kuwahi kuandikwa duniani: wagonjwa zaidi ya 1,000, waliokufa zaidi ya 200, wakiwemo watoto wachanga. Machi 2018 serikali ya huko ilitangaza kwamba chanzo ni poloni, ile soseji nene ya kukatakata, iliyotoka kwenye kiwanda kimoja cha Polokwane. Listeria ina tabia mbaya ya kukua hata ndani ya frigo, achilia mbali frigo iliyozimika tangu jana. Kwa hiyo mzazi wa Kampemba anayemnunulia mtoto jamboni ili apate kifungua kinywa cha kwenye tele anabeba gharama na hatari ambazo mpishi wa Paris hazijui. Katika hili televisheni haina hatia ya kuonyesha. Ina hatia ya kunyamaza.

Afya kwa jumla nayo hutajwa. Oktoba 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka nyama iliyosindikwa, jamboni ikiwemo, kwenye kundi la kwanza la vinavyosababisha saratani, likikadiria kwamba gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Watu wengi walisikia nusu ya habari. Kundi la kwanza linaeleza jinsi ushahidi ulivyo thabiti, halisemi kwamba jamboni inaua sawa na sigara. Na anayekula kipande kimoja Krismasi hadi Krismasi hahusiki sana na hesabu ya kila siku. Kuhusu dini, sina la kubishana: Waislamu, Waadventista na Wakimbanguisti hawali nguruwe, na hawana haja ya kujieleza. Ila mtu akishajua jamboni inafanya kazi gani, atajua pia kwamba samaki wa moshi au nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa chumvi inaweza kukaa mahali pake, na sahani haitadai kitu.

Upande wa pili kuna wanaoshangilia kupita kiasi. Vipindi hivi, wanasema, ni shule ya bure kwa vijana wetu. Hoteli za wachimba madini zinatafuta wapishi, na kijana mwenye simu anaweza kujifunza akiwa kwao Kamalondo. Kidogo ni kweli. Lakini televisheni ya mapishi inaishi kwa mkasi. Kitunguu kimekatwa kabla hujafika, unga umepimwa na mtu ambaye hatumwoni, na mwaka mzima wa Parma unapita kwa sekunde arobaini na muziki. Kutia nyama chumvi ni kazi ya mizani na baridi: chumvi ikipungua, nyama inaoza ndani karibu na mfupa huku nje inapendeza. Hilo hujifunzi kwa kutazama. Unajifunza kwa mtu aliye kando yako anayekupiga mkono.

Halafu kuna nguruwe mwenyewe, ambaye washangiliaji humsahau. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza kutoka Kenya mwaka 1921, imekaa kwetu kama mwenyeji. Haimwambukizi binadamu, haina tiba, na ikiingia zizini inaweza kumwachia mfugaji mabanda matupu ndani ya wiki. Kibaya zaidi kwa hadithi yetu ni kwamba kirusi chake hudumu miezi ndani ya jamboni iliyokaushwa. Mwaka 1957 kilivuka kutoka Angola, jirani zetu hawa, hadi Lisbon, kwa sababu nguruwe walilishwa mabaki ya chakula cha abiria wa ndege karibu na uwanja wa ndege. Kijana wa pembezoni mwa Lubumbashi anayetaka kuanzisha jamboni ya Katanga kwa kuwa ameona kwenye tele anahitaji kwanza daktari wa mifugo, zizi lenye uzio, na majirani wasiolisha nguruwe makombo ya malewa, vibanda vya chakula. Hakuna msimu wa kipindi chochote niliowahi kuona unaanzia hapo.

Je, ufundi wa watu wengine unaweza kuchukuliwa ukawa wetu? Umeshachukuliwa, na tunakula matunda yake. Jibini ya Masisi, ile ya duara inayojulikana nchi nzima kama jibini ya Goma, ilianzishwa na wamisionari kutoka Ulaya kwenye milima yenye baridi na ng'ombe wengi. Leo mtengenezaji ni mtu wa Masisi, ng'ombe ni wa Masisi, na jibini ile inasafiri mbali bila frigo. Uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa Januari 2025 waasi wa M23 walipouteka mji, waliolia hawakulilia kitu cha Wazungu. Walilia jibini yao.

Na hapa Lubumbashi tuna chikanda, ambayo kama ningepewa saa moja ya televisheni ningeimaliza yote kwayo. Viazi vidogo vya okidi za mwituni vinakaushwa, vinatwangwa, vinapikwa na unga wa karanga, magadi na pilipili, vinasongwa mpaka vigande kuwa mkate mzito wa kahawia. Mama anaukata vipande sokoni, unakula baridi, umesimama. Haina nyama hata chembe, na kazi inayofanya ni ileile ya poloni na jamboni: kipande kitamu cha haraka katikati ya siku. Umeme hauhitaji. Ina tatizo lake, tena kubwa. Okidi zote zinalindwa na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na huko Tanzania hifadhi ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, imekuwa ikipambana na wachimbaji wa viazi hivi wanaolisha soko la Zambia. Kiazi kikichimbwa, mmea umekwisha. Kipindi kizuri cha mapishi kingeonyesha mkono wa mama ukisonga, kisha kingemuuliza viazi vimetoka mlima gani na mwakani vitatoka wapi. Hayo ni mambo ambayo Paris haiwezi kutuulizia.

Kwa hiyo swali la Canal+ na MultiChoice si wapishi wangapi wa Kifaransa wataingia nyumbani. Watakuja, walikuwepo, na mama wa Katuba anajua la kufanya nao. Swali ni kwa nini kipindi cha mapishi cha Kiswahili cha Lubumbashi kinachotazamwa na mji mzima hatunacho, wakati kundi la vichekesho la Mufwankolo lilionyesha zamani kwamba televisheni ya hapa inaweza kushika watu kwa lugha ya hapa, kwa kicheko cha hapa. Kamera zipo, siku hizi ziko mifukoni. Kinachokosekana ni mlipaji, na hapo namrudia Wilmenrod. Mlipaji wa kwanza atakayebisha hodi atakuwa mwenye vidonge vya mchuzi au mwenye nyanya ya kopo, na atataka kidonge kiingie kwenye kila sufuria, hata ile ambayo kitoyo kimeshaitia chumvi ya kutosha. Atalipa vizuri. Kitoyo hakina kiwanda cha kununua dakika za tangazo, wala mvuvi wa Kasenga hana, wala mama wa chikanda. Kama wanaokaa na Canal+ kujadili vibali na mikataba, na wanaopanga ratiba za RTNC, televisheni ya taifa, hawataandika mapema nani anaruhusiwa kugharimia kipindi na nani anachagua kinachoingia sufuriani, tutapata kipindi chetu kwa Kiswahili safi, mpishi wetu amevaa kitenge, akipika vidonge.